Roketi za Ngomeni: kwa nini Waitaliano walikuja kurushia setilaiti kwetu na si kwao?

#1 Mpiga Ramli wa Kizota
Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita nilikuwa Malindi kwa msiba wa shemeji. Siku ya tatu vijana wakanichukua kwenda Ngomeni kununua samaki. Jua linazama, natazama baharini, naona vitu viwili vimesimama juu ya miguu, kama meza zilizosahauliwa baada ya harusi. Nikauliza vile ni nini. Kijana akajibu bila hata kugeuka: "San Marco hiyo, ya Waitaliano. Walikuwa wakirusha roketi." Nikajua ananitania kwa kuwa mimi mbara.

Nimerudi Dodoma nikapekua, kumbe kweli. Kulikuwa na profesa anaitwa Luigi Broglio, na setilaiti zilizoitwa San Marco. Nilivyoelewa, Italia ni nchi ya tatu duniani kurusha setilaiti, baada ya Urusi na Marekani, na hiyo ya kwanza iliondoka hapo Ngomeni mwaka 1964.

Sasa naomba wajuzi mnieleze. Nchi nzima ya Italia, imezungukwa na bahari pande tatu, ilikosa pa kusimamisha roketi mpaka ije Ngomeni? Ni nini hasa kilichowaleta?

#2 Kinyozi wa Magomeni
Nimeweka kambi. Kahawa na kashata vipo, wajuzi waje tu.

#3 KichwaNgumu
Jibu ni jepesi, mkuu. Roketi za wakati ule zilikuwa zinalipuka ovyo. Wakajiuliza: ikilipuka imwangukie nani? Wakaona bora iwe kwetu. Uzi ufungwe.

#4 Ticha wa Fizikia
Mpiga Ramli, uzi mzuri ila umechanganya mambo mawili. San Marco 1 haikutoka Ngomeni. Iliruka tarehe 15 Desemba 1964 kutoka Wallops Island, jimbo la Virginia huko Marekani, kwa roketi ya Kimarekani aina ya Scout. Walioirusha ndio waliokuwa Waitaliano. Iliyotoka Ngomeni ni San Marco 2, tarehe 26 Aprili 1967, na hiyo ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kurushwa kutoka jukwaa la baharini.

KichwaNgumu, hoja yako ina chembe ya ukweli, nitairudia. Tuanze na fizikia. Dunia inajizungusha kuelekea mashariki. Mtu aliyesimama kwenye ikweta anabebwa, bila kujua, kwa kasi ya mita 465 hivi kwa sekunde. Sardinia, ambako Waitaliano walikuwa wakirushia roketi zao ndogo, kasi hiyo ni kama mita 358. Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, kwa hiyo roketi inaondoka ikiwa na zaidi ya mita 100 kwa sekunde ambazo haikuzitolea jasho. Ni kama konda anayeshuka daladala ikiwa bado inatembea: akirukia upande wa mbele, anakuta tayari ana mbio.

Ila hiyo ndiyo sababu ndogo. Kubwa ni kwamba setilaiti ukishairusha, njia yake haiwezi kulala karibu na ikweta kuliko mahali ulipoirushia, labda uikunje ikiwa huko juu. San Marco 1 ilizunguka kwa mwinamo (yaani pembe kati ya njia yake na ikweta) wa karibu nyuzi 38 kwa sababu ndipo ilipo Wallops. Kuilaza njia ile juu ya ikweta kungetaka kasi ya ziada ya takriban kilomita 5 kwa sekunde, na kasi yote ya kuizunguka dunia haifiki 8. Scout ilikuwa roketi nyembamba ya hatua nne, urefu kama mita 23. Haikuwa na ubavu huo. San Marco 2 ilipopandia Ngomeni, mwinamo ukawa nyuzi 2.9 moja kwa moja.

Walioitaka ikweta hawakuwa na njia ya mkato. Ilibidi waifuate ilipo.

#5 Kinyozi wa Magomeni
Subiri kwanza. 26 Aprili? Hiyo si Siku ya Muungano? Yaani sisi tunasherehekea miaka mitatu ya Muungano, majirani wanatuwashia fataki.

#6 Mzee wa Kumbukumbu
Kinyozi, hata mimi nimecheka. Ila ukitaka kucheka zaidi: setilaiti ya kwanza ya Waingereza, Ariel 1, nayo iliruka 26 Aprili, ya mwaka 1962. Muungano ulikuwa bado hata hawajauota.

Na hapo ndipo namkamata mleta mada kwenye hilo la "nchi ya tatu". Ariel 1 ilitangulia San Marco 1 kwa zaidi ya miaka miwili. Kanada nao walikuwa na Alouette 1, Septemba 1962, wameiunda wenyewe. Sasa huo utatu wa Italia unatoka wapi?

#7 Bologna Mswahili
Salamu kutoka kwenye baridi. Mimi mtu wa Kilifi, huku Bologna ni mwaka wa 14.

Mzee #6, huku utatu huo wanaushikilia kama imani. Hoja yao ni hii: Ariel 1 ilikuwa na vipimo vya Waingereza lakini iliundwa na kurushwa na Wamarekani. Alouette iliundwa na Wakanada ila waliobonyeza kitufe ni Wamarekani. San Marco 1 iliundwa na Waitaliano na ikarushwa na Waitaliano waliofundishwa Wallops. Kwa hiyo wao ndio wa tatu kurusha kwa mikono yao.

#8 Mzee wa Kumbukumbu
Kwa mikono yao, kwa roketi ya mwenzao, kwenye kiwanja cha mwenzao. Mimi naona wa tatu ni Wafaransa. Asterix, 26 Novemba 1965, roketi yao wenyewe Diamant.

Shughuli ni ya nani, jamani: ya mpishi, ya mwenye sufuria au ya mwenye mwali?

#9 Kinyozi wa Magomeni
Ya anayeondoka na mabaki ya pilau.

#10 BintiMambrui
Asalaam aleikum. Niwape ya kwetu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa Ngomeni miaka hiyo. Alikuwa akitwambia kwamba siku ya roketi watu waliambiwa vyombo visitoke, basi wanaume wote wakawa pwani hawana kazi, wanatazama. Anasema kwanza uliona moto mweupe ukipanda, ukimya, ukashangaa hauna sauti. Kisha ndipo mngurumo ukafika, kuku wakakimbia, na mzee mmoja akaanza kusoma Yasin.

Siku zote nilidhani bibi alikuwa akiitia chumvi ile hadithi, hasa hapo pa ukimya. Ticha, yawezekana?

#11 Ticha wa Fizikia
BintiMambrui, bibi yako yuko sahihi kabisa, mwombee. Sauti husafiri kilomita moja kwa karibu sekunde tatu. Jukwaa liko kilomita kadhaa kutoka pwani, kwa hiyo moto huonekana kwanza, mngurumo ukafuata baadaye. Ni kama umeme na radi tu. Mtu anayetunga asingeikumbuka hiyo.

#12 Bologna Mswahili
Naendelea, maana mtu asiyejua walikotoka hawezi kuelewa kwa nini walikuja.

Broglio alizaliwa Mestre, pua na mdomo na Venice, mwaka 1911. Alikuwa mhandisi, afisa wa jeshi la anga, na mkuu wa shule ya uhandisi wa anga katika Chuo Kikuu cha Roma. Hakuanza na setilaiti, alianza na upepo. Uwanja wake ulikuwa Salto di Quirra, kule Sardinia, ukisimamiwa na jeshi la anga. Januari 1961 walirusha roketi ya Nike-Cajun iliyobeba sodiamu. Ikifika juu inaachia mvuke, na wakati wa magharibi, jua likiwa limeshazama kwa walio chini lakini bado linamulika huko juu, ule mvuke unang'aa rangi ya machungwa. Kamera za ardhini zinaupiga picha unavyopeperushwa. Ukilinganisha picha unapata kasi ya upepo katika kimo cha zaidi ya kilomita 100, ambako ndege haifiki na puto halifiki.

Mwaka huohuo akapeleka mpango wa setilaiti kwa serikali ya Waziri Mkuu Fanfani, ukapita. Mei 1962 wakawekeana makubaliano na NASA: Wamarekani watoe roketi za Scout na mafunzo, Waitaliano waunde setilaiti na watengeneze mahali pa kurushia karibu na ikweta. Kila upande ubebe gharama zake.

Na si wote waliokuwa upande wake. Edoardo Amaldi, mwanafizikia mkubwa wa hukohuko Roma, alikuwa akisukuma nchi za Ulaya zishirikiane zote katika shirika moja. Broglio naye alikuwa na mradi wa taifa mkononi. Italia ikaishia kufanya yote mawili kwa wakati mmoja.

#13 KichwaNgumu
Maneno mengi, swali halijajibiwa. Ikweta inapita nchi ngapi? Inapita Gabon, Kongo, Uganda, Somalia. Tena Somalia ilikuwa mikononi mwa Italia mpaka 1960! Kwa nini asiende kwa watu aliowazoea? Mimi nawaambia, kuna siasa hapa.

#14 Ticha wa Fizikia
Gabon na Kongo zitoe. Roketi inarushwa kuelekea mashariki, na hatua zake zilizokwisha kuungua zinaanguka huko njiani. Ukirushia Gabon, mashariki yako ni bara zima. Ukirushia pwani yetu, mashariki yako ni Bahari Hindi tupu. Hiyo ndiyo ile chembe ya ukweli niliyokuahidi: ni kweli walijali itamwangukia nani, na ndiyo maana Sardinia haikufaa, kwa sababu mashariki ya Sardinia ni Italia yenyewe.

Ila hilo la Somalia, nakiri limenikaba. Kismayu iko karibu na ikweta kuliko Ngomeni, haifiki hata nusu nyuzi. Na bahari ni ileile. Fizikia haina jibu hapo.

#15 KichwaNgumu
Screenshot nimepiga. Ticha kakiri.

#16 Mzee wa Kumbukumbu
Siasa ipo ila huenda si ile unayoifikiria. Kumbukeni hali ya 1963 na 1964. Somalia ilikuwa inadai maeneo ya Ethiopia na Kenya, huku vita vya Shifta, wapiganaji wa Kisomali waliotaka kujitenga, vimeshaanza kaskazini mwa Kenya. Wamarekani ndio wenye roketi. Ungekuwa wewe ungeipeleka wapi?

#17 KichwaNgumu
Mzee, hiyo hoja inajiua yenyewe. Vita vya Shifta vilikuwa Kenya! Ngomeni na Lamu ni pua na mdomo. Kama waliogopa vurugu wasingekuja upande huu pia.

#18 Mzee wa Kumbukumbu
Kweli. Ndiyo maana nimesema "huenda".

#19 NahodhaMstaafu
Nyinyi mwazunguka na ramani za shule, ramani ya bahari hamuiangalii. Mimi nimeivua Ghuba ya Ungwana miaka zaidi ya thelathini. Ile ni ghuba, si bahari wazi. Kina chake ni kidogo mwendo mrefu kutoka pwani, chini ni mchanga na tope la Mto Tana na Sabaki, na Ras Ngomeni imeikinga kwa upande wa kusini. Msimu wa kusi, Malindi mawimbi yakipiga huwezi kutoka, ndani ya Ungwana bado wapata pa kutupa jarife. Sasa wewe wataka kusimamisha meza ya chuma juu ya miguu, katikati ya maji. Utaisimamisha wapi? Kismayu nimefika kwa jahazi. Pale nje bahari ni kali.

Hiyo ndiyo sababu. Hao maprofesa walipata mtu wa bahari akawaelekeza.

#20 Kinyozi wa Magomeni
Nahodha kaingia, maji yametulia.

#21 Bologna Mswahili
Nahodha shikamoo. Hilo la meza ya chuma lina hadithi yake. Majukwaa ni mawili. La kwanza, Santa Rita, lilikuwa mtambo wa kuchimbia mafuta baharini kutoka shirika la mafuta la Italia, ENI, lililokuwa chini ya Enrico Mattei. Lilivutwa mpaka Kenya, na Machi 1964 wakajaribia juu yake roketi ndogo za Nike-Apache. Yaani Kenya ilikuwa na miezi mitatu tu ya uhuru!

La pili, San Marco lenyewe, lilikuwa la jeshi la Marekani. Likafanyiwa ukarabati La Spezia, likavutwa kuja 1966. Roketi zikawa zinarushwa kutoka San Marco, na wanaoongoza wanakaa Santa Rita, kama nusu kilomita pembeni, nyaya zimepita baharini kuunganisha. Tena walikuwa na bahati: Suez ilifungwa Juni 1967 kwa ile vita. Wangechelewa, chuma chote kile kingezungushwa Rasi ya Tumaini Jema.

Kwa hiyo kuna sababu nyingine ambayo watu huku huitaja: jukwaa la mafuta lilikuwepo tayari, na ni rahisi kuvuta kitu kilichopo kuliko kujenga kituo kipya nchi kavu.

#22 KichwaNgumu
Mattei si yule aliyekufa kwenye ndege?

#23 Bologna Mswahili
Ndiye. 27 Oktoba 1962, karibu na Milano. Naomba tusiingie huko, huku watu wamebishana miaka sitini na hawajamaliza.

#24 KichwaNgumu
Basi na mimi nimeshaelewa. Mafuta, jeshi, NASA. Nyie endeleeni na upepo wenu.

#25 Mwanasheria Uchwara
Nimesoma nyuzi zote mpaka hapa, nashangaa hakuna aliyeuliza jambo la kisheria. Kwa nini baharini na si ufukweni? Nahodha kaeleza jinsi ilivyowezekana, hakueleza kwa nini ilihitajika.

Zama hizo bahari ya nchi ilihesabiwa maili 3 tu kutoka pwani. Ukisimamisha jukwaa nje ya maili 3, uko bahari ya wote, hukanyagi ardhi ya mtu. Broglio alianza kulifikiria hili 1961, Kenya ikiwa bado koloni la Mwingereza na hakuna ajuaye serikali ijayo itakuwaje. Ukiwa na kitu kinachoelea, siku ikiwa mbaya unang'oa miguu unaondoka.

Halafu angalieni Kenya ilivyojibu. Sheria ya bahari ya nchi ya mwaka 1972 inataja Ghuba ya Ungwana kwa jina, na kusema kwamba ichukuliwe kuwa ni ghuba ya kihistoria na kwamba imekuwa hivyo siku zote. Siku zote! Bunge lilirudi nyuma haraka kuliko roketi.

#26 Mpiga Ramli wa Kizota
Ahsanteni wote, sikutegemea uzi ufike hapa. Mwanasheria #25 umenifungua macho. Ila kambi yao si iko nchi kavu? Mimi nimeiona Ngomeni, uzio, antena kubwa.

#27 Mwanasheria Uchwara
Ndiyo, kambi na antena viko nchi kavu, kwa mkataba na serikali. Kwa hiyo hoja yangu ina tundu. Nimelitoboa mwenyewe, mtu asijisifu.

#28 Sista Duu
Jamani mimi nauliza swali la kijinga. Hiyo setilaiti ilikwenda kufanya nini huko juu? Mmeshindana inatoka wapi, hakuna aliyesema inakwenda wapi.

#29 Ticha wa Fizikia
Sista Duu, si la kijinga, ndilo lilitakiwa kuwa la kwanza.

Ilikwenda kupima hewa. Watu hudhani juu kilomita 200 hakuna hewa. Ipo, nyembamba mno, lakini setilaiti ikienda karibu kilomita 8 kwa sekunde inaigonga, inapunguzwa mwendo kidogo kidogo mpaka inaanguka. Wanasayansi wengine walikuwa wakikisia hewa hiyo kwa kuangalia setilaiti inavyoshuka siku baada ya siku. Broglio alitaka kuipima palepale, wakati uleule.

Akaunda tufe lenye kipenyo cha sentimita 66 hivi. Nje kuna ganda jepesi. Ndani kuna kiini kizito, kimeshikwa na ganda kwa mikono inayonyumbuka kama springi. Sasa fikiria uko ndani ya basi. Dereva akikanyaga breki, basi linapungua mwendo, wewe unasogea mbele. Ukipima abiria amesogea kiasi gani, unajua breki imekanyagwa kwa nguvu gani. Ganda ni basi, kiini ni abiria, na breki ni hewa. Waliita chombo hicho mizani ya Broglio.

Na sababu ya ikweta inarudi hapa. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inapita juu ya kituo chako kila mzunguko, kila baada ya dakika 90 na kitu. Ukiwa na kituo kimoja tu, na Waitaliano hawakuwa na fedha za vituo kumi, unapata habari zako zote. San Marco 2 iliruka Aprili, ikaanguka Oktoba mwaka huohuo, imeshindwa na hewa ileile iliyokwenda kuipima.

#30 Sista Duu
Nimeelewa kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Shukrani.

#31 Fundi wa Mtwapa
Mmesahau UHURU. Setilaiti yenye jina la Kiswahili, ilirushwa hapohapo siku ya uhuru wa Kenya, 1964, Mzee Jomo mwenyewe akaipa jina.

#32 Mzee wa Kumbukumbu
Fundi, jina sahihi, mengine rekebisha. Iliruka 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba. Ilikuwa ya NASA, ikirushwa na Waitaliano. Aliyeipa jina ni Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeongoza mradi wake. Kabla ya hapo ilikuwa na jina la ofisini tu, SAS-1.

Nayo haikupima hewa. Ilikuwa ya kwanza kabisa kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Kichwa cha kazi hiyo alikuwa Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, akapata Nobel 2002. Orodha yao ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Ile Cygnus X-1, ambayo wataalamu waliishuku kuwa ni shimo jeusi, Uhuru ilichangia sana kuishuku.

#33 Ticha wa Fizikia
Naongeza moja. Eksirei hazipenyi hewa, lazima uende juu. Na juu kuna mikanda ya chembe zenye nguvu zinazovuruga vipimo, hasa eneo la Atlantiki ya kusini. Setilaiti ya chini iliyo juu ya ikweta inalikwepa eneo hilo kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo Wamarekani nao, wenye viwanja vyao, wakaja kuomba Ngomeni.

#34 Kinyozi wa Magomeni
Swali: kwa nini San Marco? Si wangeiita hata San Malindi.

#35 Bologna Mswahili
Mtakatifu Marko ni msimamizi wa Venice, na Broglio ni mtoto wa Mestre. Sikukuu yake ni 25 Aprili.

#36 Mzee wa Kumbukumbu
San Marco 2 ikaruka tarehe 26. Na San Marco 3, mwaka 1971, ikaruka tarehe 24. Sisemi kwamba waliilenga, nasema tu kwamba mtakatifu alikaa katikati anawatazama.

#37 Katuba_Lushi
Jambo bandugu. Mimi ni wa Lubumbashi. Munasema Kenya, Kenya, lakini na sisi roketi zilirushwa kwetu. Jimbo la Shaba huku Kongo, upande wa kaskazini, karibu na mto Luvua. Kampuni ya Wajerumani, OTRAG, ya Lutz Kayser. Mobutu aliwapa eneo kubwa kuliko nchi kadhaa za Ulaya. Roketi ya kwanza Mei 1977, ya pili Mei 1978, ya tatu Juni 1978 Mobutu mwenyewe amekuja kutazama, nayo ikaharibika mbele yake. Mwaka 1979 wakafukuzwa. Warusi walikuwa wanapiga kelele kwamba ni makombora.

Baba alikuwa reli. Alisema walipita na vyuma virefu kama mabomba ya maji, watu wakauliza, wakaambiwa ni ya kutafuta posta ya angani.

#38 KichwaNgumu
Katuba karibu sana! Hiki ndicho nilichokuwa nikikitafuta. Wajerumani Shaba, Waitaliano Ngomeni, Wafaransa Algeria. Kila mtu anakuja kwetu na roketi yake.

#39 Ticha wa Fizikia
Kwenye Algeria uko sawa. Asterix iliyotajwa na Mzee #8 iliondokea Hammaguir, jangwani, ambako Wafaransa walibaki miaka kadhaa baada ya uhuru wa 1962 kwa makubaliano ya Evian. Kwa hiyo wanaosema San Marco 2 ni setilaiti ya kwanza kuondoka Afrika wanakosea. Ni ya kwanza kutoka baharini.

#40 Dogo wa Kitwe
Na Zambia je? Edward Makuka Nkoloso, 1964, alikuwa akiwaviringisha vijana ndani ya pipa la mafuta ili wazoee anga.

#41 Kinyozi wa Magomeni
Huyo ndiye wa tatu duniani. Nimemaliza ubishi wa #6 hadi #8.

#42 KichwaNgumu
Turudi kwenye mada. Sisi tulipata nini? Scout zimeruka ngapi pale?

#43 Mzee wa Kumbukumbu
Tisa, kuanzia San Marco 2 mpaka San Marco 5 ya 25 Machi 1988, na zote tisa zilifika. Nne za Waitaliano, nne za Wamarekani, na moja ya Waingereza, Ariel 5, mwaka 1974. Baada ya 1988 hakuna iliyoruka tena, ila antena zinafanya kazi mpaka leo. Setilaiti ya BeppoSAX ya 1996 ilikuwa ikiteremsha habari zake Malindi.

#44 Bologna Mswahili
Umeuliza tulipata nini. Jibu refu lina mikataba, mmojawapo ukasainiwa Trento 2016. Jibu fupi: 1KUNS-PF, kisetilaiti cha Chuo Kikuu cha Nairobi, kikiundwa kwa kushirikiana na chuo kilekile cha Broglio, Sapienza. Kiliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga Mei 2018.

#45 KichwaNgumu
Kutoka 1964 mpaka 2018. Miaka 54. Mwanafunzi gani huyo.

#46 Bologna Mswahili
Hapo sina la kukujibu.

#47 Fundi wa Mtwapa
Mlipata pizza. Malindi nzima inaongea Kiitaliano, chanzo ni hao wa roketi. Walikuja kazini, wakaona pwani, wakaita ndugu zao.

#48 BintiMambrui
Fundi, hilo kila mtu hulisema, na mimi nililisema mpaka nilipofanya kazi hotelini. Wengi niliokutana nao walikuja kwa matangazo ya watalii miaka ya themanini, hata hawajui kama kuna San Marco. Wa roketi walikuwa wachache, na wakikaa huko kambini kwao. Ila mwenye hoteli ya kwanza niliyofanya kazi aliapa babake alikuwa fundi wa Santa Rita. Basi chagueni.

#49 NahodhaMstaafu
Ile miguu ya majukwaa sasa imeota chaza, samaki wamejaa chini yake. Tewa wakubwa. Wavuvi wapenda kusogea pale usiku wa bamvua, walinzi wawamulika tochi, warudi.

#50 Mpiga Ramli wa Kizota
Nahodha, kumbe wale tewa nilionunua ndiko walikotoka? Bei yao ilikuwa ya setilaiti kweli.

Kuna yeyote hapa aliyeiona kwa macho ile ya mwisho ya 1988?

#51 BintiMambrui
Mimi nilikuwa mdogo, sikumbuki. Ila mjomba wangu alizaliwa wiki ile Ngomeni. Jina lake la chuoni ni Athumani, lakini hakuna anayelijua. Shuka stendi ya Gongoni uulize bodaboda ya Roketi, utaletewa.

#52 Kinyozi wa Magomeni
Na anaendesha kuelekea mashariki?